Mazabodi ya PC ya kwanza ya gemu: jibu kwa mdogo wangu wa Tabata

Swali: “Shikamoo kaka. Niko Tabata, nimejichanga toka mwaka jana nina milioni mbili na nusu, monita na kibodi ninavyo, nataka kuunga PC yangu ya kwanza ya gemu, nacheza Valorant, FC na GTA V. Nimezunguka Kariakoo na Posta, duka moja wamenionyesha mazabodi ya Z790 ina mataa kibao wakasema hii ndo ya gemu itanipa FPS nyingi, duka lingine wana B650M ya kawaida tu, alafu mshkaji wangu anasema nisipoteze hela, niagize X99 ya China inakuja na prosesa na RAM zake. Prosesa bado sijanunua. Nichukue ipi, na nikifika dukani niangalie nini? Umeme wa kwetu nao unakatikakatika sana.”

Marahaba mdogo wangu. Nimefurahi umeuliza kabla hujatoa hela, wengi wananitafuta wakiwa tayari wana maza mkononi na prosesa isiyoingia. Jibu nakupa kabisa hapa juu: Z790 ya mataa iache, X99 iache moja kwa moja, B650M ndo inakufaa kama hesabu ya RAM itakubali, isipokubali shuka kwenye B550M na prosesa ya Ryzen 5 5600 na gemu zako zote tatu utazicheza vizuri tu. Sasa nikueleze kwanini, maana nataka ukirudi Kariakoo ujue mwenyewe unachokiangalia, muuzaji asikuamulie.

Tuanze na hilo la FPS, yaani fremu (picha) ngapi unaziona kwa sekunde. Mazabodi, au maza, ni ile bodi kubwa ambayo kila kitu kinachomekwa juu yake, haizalishi fremu. Fremu zinatoka kwenye kadi ya grafiki na prosesa, RAM inachangia kidogo, basi. Chukua Ryzen 5 ileile, kadi ileile na RAM ileile, viweke kwenye B650M ya bei ya chini alafu vihamishie kwenye X870E ya bei kubwa kupita zote dukani, ukirudi kwenye gemu tofauti yake ni ndogo kiasi kwamba kwa macho huwezi kuiona. Kazi ya maza ni nyingine na ni nzito, inaamua prosesa gani inaingia leo na gani itaingia baada ya miaka mitatu minne, inaamua RAM ya aina gani, inailisha prosesa umeme, na kila kitu ulichonunua kinapita kwake. Kwahiyo hela unayoongeza kwenye maza ongeza kwa ajili ya hivo vitu, na ikishavitimiza simama hapohapo, kinachobaki kipeleke kwenye kadi ya grafiki.

Ndo maana usianze na maza, anza na prosesa. Prosesa inakuchagulia soketi, yaani kiti chake kwenye bodi, na soketi inakuchagulia maza. Kwa AMD, wenye Ryzen, kuna soketi mbili za kuziwaza sahivi, AM4 na AM5. AM4 ilipata Ryzen za kwanza mwaka 2017, na imedumu mpaka watu walionunua bodi za B350 mwaka huohuo wengi wao waliweza kuapdeti BIOS tu, ile programu ya ndani ya bodi inayoiwasha kompyuta, na kuweka Ryzen 7 5800X3D iliyotoka 2022, bodi ileile, kesi ileile, RAM ileile. AM5 imetoka Septemba 2022 na Ryzen 7000, sahivi inabeba Ryzen 9000, na AMD wenyewe wameshatangaza wataiendeleza mpaka 2027 na zaidi. Ile Z790 uliyoonyeshwa ni soketi ya LGA1700 ya Intel, imebeba kizazi cha 12, cha 13 na cha 14, na cha 14 kilitoka 2023. Core Ultra 200S zilizokuja Oktoba 2024 zinakaa kwenye soketi nyingine kabisa, LGA1851. Maana yake ukiichukua Z790 leo, siku ukitaka prosesa mpya zaidi unanunua na maza mpya.

Sisemi LGA1700 ni mbaya, Core i5-12400F mpaka leo inazicheza gemu zako bila kulalamika. Ila faida kubwa ya Z790 ni kukuruhusu kuipandisha spidi prosesa yenye herufi K zaidi ya ilivyotoka kiwandani, na ukijumlisha prosesa ya K, bodi ya Z790 na feni kubwa ya kuipoza, milioni mbili na nusu yako itaishia hapo kadi ya grafiki hujaigusa. Ukiiwekea i5-12400F, ile faida uliyoilipia huwezi kuitumia maana prosesa yenyewe imefungwa. Kama roho yako iko kwa Intel basi ni B760, sio Z790. Na ukikutana na i7 au i9 za kizazi cha 13 na 14 zilizotumika kwa bei tamu, kuwa makini sana, zile zilikuwa na tatizo la volteji linazichakaza taratibu mpaka gemu zinajifunga zenyewe, Intel walianza kutoa marekebisho ya BIOS Agosti 2024, lakini iliyokwishachakaa BIOS mpya haiiponyi.

Sasa X99 ya mshkaji wako. Naelewa inavyovutia, boksi moja lina bodi, Xeon (prosesa za Intel za seva) yenye koa, yaani vichwa vya kufanyia kazi, 12 au 14 na RAM juu, kwa bei ambayo huku mjini unapata maza peke yake. Lakini zile Xeon ni za miaka ya 2014 mpaka 2016, zimetolewa kwenye seva, zina koa nyingi zenye spidi ndogo, na Valorant inataka koa chache zenye mbio. Bodi zenyewe ni mpya kwa kuziangalia ila chipseti, ile chipu kuu ya bodi inayoipa jina kama X99 au B650, mara nyingi imetolewa kwenye bodi kuukuu ikabandikwa humo, na BIOS zake hakuna anayezitunza. Kubwa kuliko yote ni hili: Valorant ukiwa kwenye Windows 11 inadai TPM 2.0 na Secure Boot, vitu viwili vya usalama vya ndani ya kompyuta, viwe vimewashwa, na hizo Xeon hazimo hata kwenye orodha ya prosesa ambazo Microsoft wanazikubali kwa Windows 11. Utaambiwa baki Windows 10, lakini Windows 10 Microsoft wameacha kuihudumia toka tarehe 14 Oktoba 2025. Unaunga kompyuta ya kwanza kwa hela ya jasho, usiianzishie pale ambapo wenzako wanahama. Na ikija mbovu, kuirudisha China nauli yake na muda wake wewe ndo unaubeba.

Kwenye RAM ndo pagumu sahivi. Toka mwishoni mwa 2025 bei zimepaa dunia nzima, viwanda vya chipu za memori vinapeleka mzigo kwenye data senta za AI na sisi wa nyumbani tunagombania kinachobaki. DDR5, RAM ya kizazi kipya, imepanda vibaya mno, DDR4 ya kizazi cha nyuma nayo haijasalimika. Hili linakuhusu moja kwa moja kwasababu AM5 inakula DDR5 tu, AM4 inakula DDR4 tu, na LGA1700 inategemea bodi, zipo za DDR4 na zipo za DDR5, jina la chipseti linaweza kuwa lilelile B760 lakini RAM tofauti, na ile sehemu iliyokatwa chini ya kijiti haikai sehemu moja kwa hizi mbili kwahiyo haiingii hata ukilazimisha, na tafadhali usilazimishe.

Fanya hivi. Chukua karatasi, prosesa na maza na RAM viandike kama bei moja, usivitenganishe. Upande mmoja Ryzen 5 7500F au 7600 na B650M na DDR5 ya 16GB, upande wa pili Ryzen 5 5600 na B550M na DDR4 ya 16GB. Kila upande toa SSD, pawa saplai ya kueleweka na kesi. Kinachobaki ndo hela ya kadi. Kama upande wa AM5 inabaki hela ya kutosha kadi ya maana, RTX 4060 au RX 7600 au iliyo karibu na hapo, chukua AM5 bila kuwaza mara mbili, maana baada ya miaka mitatu utabadilisha prosesa tu. Kama AM5 inakulazimisha ushuke mpaka kwenye vikadi vidogo, nenda AM4. Mimi kwa kijana anayecheza gemu naona bora prosesa ya kizazi cha nyuma na kadi nzuri kuliko soketi mpya na kadi ya kubahatisha. RAM chukua vijiti viwili vya 8, sio kimoja cha 16, viwili vinafanya kazi kwa pamoja na kwenye gemu inaonekana.

Ukiangukia AM4 utatajiwa na B450 na A520 pia. B450 sio bodi mbaya ila sloti ya kadi ya grafiki inaishia PCIe 3.0 (PCIe ndo njia ya data kati ya kadi na bodi, namba ikipanda na spidi inapanda), A520 hivohivo, wakati B550 inakupa 4.0. Kwa kadi nyingi utofauti ni mdogo, lakini kuna kadi za bei ya chini kama RX 6500 XT zimetengenezwa na leni (njia za data) 4 tu, ukiiweka kwenye 3.0 inapungua nguvu waziwazi. Alafu B450 iliyokaa stoo toka zamani inaweza kuwa na BIOS isiyoitambua Ryzen 5000, unaunga kila kitu, feni zinazunguka, skrini nyeusi, unadhani umeua kitu kumbe ni BIOS tu. Kwa AM5 utaona pia A620, inafaa kwa Ryzen 5, ila baadhi yake zimetengenezwa kwa prosesa za wati 65 tu, kwahiyo ile ndoto ya kuja kuweka Ryzen 7 7800X3D baadae ikaishia hapo. Kabla hujalipa ingia kwenye tovuti ya kampuni ya bodi, tafuta jina la bodi, fungua orodha ya prosesa inazozikubali, ipo kwa kila bodi na ni bure.

Kitu ambacho wauzaji hawakitaji na kwa Dar ni muhimu sana ni ile sehemu ya kulisha prosesa umeme, wenyewe wanaiita VRM. Pawa saplai inaleta volti 12, prosesa inataka volti 1 na kidogo. VRM ndo inayoshusha, ni vile vibonge vya mraba vyeusi au vya kijivu vimejipanga kushoto na juu ya soketi. Ryzen 5 7600 inaruhusiwa kuvuta mpaka wati 88, ukigawa kwa volti 1.1 unapata ampia 80 zinapita kwenye eneo dogo kuliko kiganja. Hiyo inatoa joto, na sisi chumba chenyewe Januari na Februari kiko nyuzi 31, 32, dirisha wazi, AC hamna. Bodi ambayo VRM yake iko uchi, haina kipande cha bati nene cha kupoza juu yake, ikizidiwa joto inaiambia prosesa ipunguze spidi ili isiungue, unashangaa gemu inakwamakwama saa nane mchana na usiku iko safi. Kwahiyo tafuta bodi yenye bati la kupoza VRM walau upande wa kushoto, liwe limefungwa kwa skrubu. Kwa B650M na B550M zipo nyingi za hivo bila kufika bei za ajabu.

Mengine nayapitia haraka. Sloti mbili za M.2 ni bora kuliko moja, ili SSD ya pili ukiipata baadae usitoe ya kwanza. Sloti nne za RAM ni nzuri ila mbili sio kilema kwako. Herufi M baada ya namba, mfano B650M, inamaanisha bodi ndogo ya sentimita 24.4 kwa 24.4, inaingia kwenye kesi ndogo na kubwa, wakati bodi kubwa ya ATX ina urefu wa sentimita 30.5 na haiingii kwenye kesi ndogo, kwahiyo kesi na bodi vinunue unavijua vyote viwili. Wi-Fi kama nyumbani unatumia rauta iliyo chumba kingine tafuta bodi iliyo nayo ndani, kama rauta iko mezani kwako vuta waya tu na hiyo hela ibaki. Kitufe cha kuapdeti BIOS kwa flashi bila hata prosesa kuwepo, MSI wanakiita Flash BIOS Button, Gigabyte wanaita Q-Flash Plus, ASUS wanaita BIOS FlashBack, hicho mimi nakilipia kila mara, kikiwepo lile tatizo la BIOS ya zamani unalimaliza mwenyewe nyumbani kwa flashi ya kawaida iliyofomatiwa FAT32.

Tuje dukani. Bodi ikiletwa mezani usiridhike na boksi, omba ifunguliwe. AM5 na Intel pini ziko kwenye bodi, sio kwenye prosesa, na AM5 ina pini 1,718 nyembamba kama unywele, ikipinda moja tu unaweza kupoteza sloti nzima ya RAM au bodi isiwake kabisa. Kwahiyo mwambie muuzaji anyanyue ule mkono wa chuma na kile kifuniko cha plastiki juu ya soketi akitoe, yeye, sio wewe. Washa tochi ya simu uiweke ubavuni, chini kabisa, mwanga upite juu ya pini kwa mshazari. Pini nzima zinang'aa kwa mstari, zote zimeinama upande mmoja. Sehemu yenye kidoa cheusi, au pini moja inang'aa peke yake wakati majirani zake hazing'ai, hapo kuna iliyopinda. Fungua kamera, vuta karibu, piga picha, geuza bodi nusu duara, piga tena. Muuzaji akikuharakisha mwambie taratibu tu kwamba unaangalia pini, mwenye mali nzima hana neno. Hicho kifuniko cha plastiki kitunze nyumbani, ukija kudai waranti bila hicho wengi wanakataa bodi.

Kwa AM4 ni kinyume, pini ziko chini ya prosesa, hapo unageuza prosesa na kuangalia mistari ya pini kwa upande, zote ziwe zimenyooka.

Kama ni bodi iliyotumika, na mjini zipo nyingi zimeletwa toka Dubai, kazi inaongezeka. Angalia matundu ya nyuma ya USB na HDMI, ukiona rangi ya kijani au kutu kwenye vyuma bodi hiyo imekaa kwenye unyevu au chumvi, na sisi tunaokaa na bahari tunajua hewa ya chumvi inavyotafuna vyuma, iache. Angalia vichwa vya skrubu za bati la kupoza, vikiwa vimechubuka jua kuna fundi amepita humo. Alafu iwashwe mbele yako mpaka ifike kwenye BIOS, sio feni kuzunguka tu, BIOS yenyewe kwenye skrini, na RAM isomeke yote. Wakishaonyesha waombe wazime, wahamishie vijiti sloti nyingine, wawashe tena. Sloti mbovu ya RAM ndo ugonjwa mkubwa wa bodi za mtumba na usipofanya hivo hutaigundua mpaka siku unaongeza RAM. Ukilipa dai risiti ya EFD na mwambie aandike jina kamili la bodi pamoja na namba yake ya utambulisho (serial number) iliyoko kwenye stika, na kama kuna waranti muda wake uandikwe, sio wa kuambiwa mdomoni.

Na mtu asije akakubadilishia mawazo kwa kukwambia uchukue kompyuta ya ofisini ya Dell au HP iliyotumika ukatoe maza yake uweke kwenye kesi ya gemu. Nyingi ya zile bodi zina plagi za umeme za kampuni yenyewe, haziingiliani na pawa saplai ya kawaida, matundu ya skrubu hayalingani na kesi za kawaida, hata swichi ya kuwashia waya wake ni tofauti. Kama ilivyo kwenye boksi lake inaweza kukutunza kwa kuanzia, lakini kuunga kutokea hapo ni kujitesa.

Umeme sasa. Umesema kwenu unakatikakatika, na kwa bodi hatari kubwa inakuwa pale unaporudi, unarudi umepanda na kushuka sekunde kadhaa kabla haujatulia. Ndani ya BIOS kuna sehemu ya kuamua kompyuta ifanye nini umeme ukirudi, hakikisha umeiweka ibaki imezima, isijiwashe yenyewe katikati ya hayo mawimbi. Nunua UPS, lile boksi la betri linaloshikilia umeme ukikatika, mapema, hata kama itabidi kesi iwe ya kawaida isiyo na kioo. UPS isome kwa wati, sio kwa VA, nyingi za VA 650 zinabeba wati zisizofika 400, na PC yako ikiwa kwenye gemu na monita ikiwa imechomekwa hapohapo utakuwa unakaribia kuimaliza, kwahiyo panda saizi moja.

Kuna na hili la ethi ambalo nyumba nyingi za kupanga halipo au lipo kwa jina tu. Ukigusa kesi ya kompyuta peku ukahisi inakutetemesha vidole, hamna ethi. Pawa saplai ina kichujio kinachovujisha umeme kidogo kwenda kwenye chuma cha kesi ukitegemea utapita kwenye ethi kwenda ardhini, ethi ikikosekana kesi inakaa na karibu nusu ya volteji ya ukutani, kama volti 115, mkondo wake mdogo haukuui, lakini ukichomeka HDMI ya TV au printa ya USB ikiwa imewashwa hiyo volteji inatafuta njia kupitia bandari za bodi, na nimeshaona USB zilizokufa hivohivo. Mwite fundi umeme apime ethi kwenye soketi ya ukutani unayotumia kabla hujaunga, ni kazi ndogo. Kama mwenye nyumba anaruhusu achimbie fimbo ya ethi nje, vizuri zaidi.

Siku ya kuunga, bodi iweke juu ya boksi lake la kadibodi, sio juu ya ule mfuko wa kung'aa. Kama bodi ina sloti nne, RAM mbili ziweke sloti ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa, sio ya kwanza na ya pili. Waya wa prosesa wa pini 8 unaoingia kona ya juu kushoto na waya wa kadi ya grafiki wa pini 8 vinafanana lakini sio kimoja, kama hauingii kirahisi umekosea waya. Kesi nayo ina vile vijiti vya shaba vya kubebea bodi, hesabu viwe pale tu ambapo bodi ina tundu, kimoja kikikaa pasipo tundu kinagusa mgongo wa bodi na kuleta shoti.

HDMI ya monita chomeka kwenye kadi ya grafiki, sio kwenye maza. Ukiwa na Ryzen 5 7500F, au 5600 kama uliangukia AM4, prosesa hazina grafiki ndani, yale matundu ya HDMI ya maza hayatatoa picha hata kidogo, na kila mwezi kuna mtu ananiambia PC yake imekufa kumbe ni waya tu. Hata 7600 yenye grafiki ndani, ukichomeka kwenye maza picha itatoka lakini gemu inakwenda kwa grafiki ndogo ya prosesa na kadi yako ya laki kadhaa imekaa bure.

Na ukiwa AM5, mara ya kwanza ukibonyeza pawa skrini itabaki nyeusi, inaweza kuwa dakika kadhaa, kuna taa ndogo kwenye bodi imeandikwa DRAM itawaka. Usizime. Bodi inajifunza RAM yako, inapima volteji na muda wake kwa mara ya kwanza, na ukizima katikati inaanza upya. Kaa tu, subiri mpaka itoe picha. Ikipita robo saa bila chochote ndo uzime, chomoa, toa RAM kijiti kimoja ujaribu tena.

Ukishaingia BIOS washa EXPO, bila hivo RAM uliyoilipia bei ya spidi kubwa itatembea na ile ndogo ya msingi. Kwenye AM4 na Intel kitu hichohicho kinaitwa XMP, na bodi nyingine za AM4 zinakiandika DOCP. Angalia TPM iwe imewashwa, kwa AMD inaandikwa fTPM, na Secure Boot, halafu ndo uweke Windows 11, Valorant isikusumbue. BIOS yenyewe apdeti ukishapata intaneti, hasa kwa AM5, mwaka 2023 kuna prosesa za X3D ziliungua kwasababu bodi zilikuwa zinazipa volteji kubwa kuliko inavyotakiwa, AMD wakaweka kikomo cha volti 1.3 kwenye sehemu ya SoC kupitia BIOS mpya, na bodi iliyokaa dukani toka wakati huo inaweza kuwa bado ina ile ya zamani. Apdeti ukiwa kwenye UPS, umeme ukikatika katikati ya hiyo kazi bodi isiyo na kile kitufe cha flashi itakupeleka kwa fundi.

Ukishachagua, nitumie jina kamili lililochapwa kwenye bodi yenyewe, sio la kwenye boksi, na kama ni Gigabyte angalia kona ya chini kuna maandishi madogo ya rev, yaani toleo la bodi, rev 1.0 na rev 1.3 za bodi moja zinaweza kuwa na faili tofauti za BIOS. Nikiwa na hilo nitakuonyesha faili lako ni lipi kabla hujaweka flashi.